Moshi Uliopelekwa Sokoni: Rekodi za Biashara ya Vibali vya Uchafuzi

Dohani ndefu kuliko zote duniani iko Ekibastuz, Kazakhstan. Ina urefu wa mita 419.7 na inahudumia kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Kwa miongo kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya wahandisi dhidi ya hewa chafu: jenga bomba la moshi refu zaidi ya la jana, upepo upokee uchafu na kwenda nao mbali. Marekani nayo ilikimbia mbio hizo. Kituo cha Homer City, Pennsylvania, kilipandisha dohani ya mita 371 mwaka 1977. Waliokaa karibu walipata nafuu, lakini salfa dayoksaidi haikuwa imetoweka. Ilisafiri mamia ya kilomita, ikageuka asidi angani, kisha ikashuka na mvua katika maziwa ya milima ya Adirondack, jimbo la New York, na hata ng'ambo ya mpaka, Kanada. Samaki wakapungua katika maziwa yaliyo mbali kabisa na vituo hivyo.

Ugomvi wa nani abebe gharama ya moshi uliovuka mipaka ndio uliozaa masoko ninayoyapitia hapa. Nimechagua yale ya salfa, oksaidi za nitrojeni, risasi na vumbi laini, na kuyaacha ya kaboni. Kaboni huidhuru dunia nzima popote inapotolewa. Salfa na vumbi humdhuru yule anayekaa upepo unakoelekea, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha masoko yaliyofaulu na yaliyoumiza watu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Serikali hutangaza jumla ya tani zinazoruhusiwa kwa mwaka katika eneo zima, kisha hugawa au huuza vibali vinavyolingana na jumla hiyo. Mwaka ukiisha, kila mtambo hurudisha vibali sawasawa na tani ulizotoa. Aliyepunguza kwa gharama ndogo huuza ziada yake. Ambaye kupunguza kunamgharimu sana hununua. Ukomo ukishushwa, uchafu hushuka, hata vibali vikibadilishwa mikono mara ngapi.

Wa kwanza kulifikiria

Heshima ya kulibuni wazo hili inagawanywa kwa wawili. Thomas Crocker, mchumi wa Marekani, aliandika kuhusu wazo hilo mwaka 1966 akiwa ameshughulikia moshi wa viwanda vya mbolea ya fosfeti Florida. John Dales wa Chuo Kikuu cha Toronto akalifafanua mwaka 1968 katika kitabu chembamba kuhusu uchafuzi, umiliki na bei. Yeye macho yake yalikuwa kwenye maji kuliko hewa. Kinachonivutia kwa Crocker ni kwamba mwaka 2009, wakati wanasiasa wa Marekani walipotaka kulitumia wazo lake kwa kaboni, alijitokeza kusema kwamba halifai kwa tatizo la ukubwa huo. Alilikusudia kwa uchafuzi wa mahali panapojulikana, wenye wachafuzi wanaohesabika.

Lililomaliza kazi na kufungwa mapema

Soko la risasi katika petroli. Kuanzia mwaka 1982 serikali ya Marekani iliruhusu viwanda vya kusafisha mafuta kuuziana haki ya kuongeza risasi. Baadaye ukomo ulishushwa kwa kasi, kutoka gramu 1.1 kwa galoni hadi gramu 0.1 kufikia Januari 1986. Viwanda vikubwa vilivyoweza kubadilika haraka viliviuzia vidogo muda wa kujipanga. Mwaka 1987 biashara hiyo ilifungwa, kwa kuwa bidhaa yenyewe ilikuwa imekaribia kwisha. Ni nadra soko kuundwa ili liue bidhaa yake, na hili lilifanya hivyo bila kelele.

Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani, Julai 2021. Kampeni ya kuiondoa iliongozwa kutoka Nairobi, makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na haikutumia soko lolote. Ilitumia marufuku. Pale sumu isipostahili kuachiwa hata gramu moja, marufuku ndiyo njia fupi.

Lililopunguza tani nyingi kuliko yote

Hapa hakuna mshindani. Rais George H. W. Bush alisaini marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi tarehe 15 Novemba 1990, na ndani yake mlikuwa na mpango wa kupambana na mvua ya asidi. Lengo lilikuwa kuondoa tani milioni 10 za salfa dayoksaidi kwa mwaka ikilinganishwa na mwaka 1980. Tani ya huko ni kilo 907.

Awamu ya kwanza ilianza mwaka 1995 kwa vituo 110 vya mashariki na kati ya nchi, vingi vikiwa vya makaa ya mawe. Ya pili, mwaka 2000, ikavikusanya karibu vyote vilivyobaki. Matokeo ya mwaka wa kwanza yaliwashangaza hata walioandika sheria: mitambo iliyohusika iliruhusiwa kutoa tani milioni 8.7, ikatoa milioni 5.3. Kampuni zilipunguza zaidi ya zilivyotakiwa kwa sababu kibali kisichotumika mwaka huu kingeweza kuwekwa akiba kwa mwaka ujao.

Kwa nchi nzima, vituo vya umeme vilitoa tani milioni 15.7 mwaka 1990. Kufikia 2010 zilikuwa takriban milioni 5, na mwaka 2019 zikawa chini ya milioni moja. Si haki kulipa soko sifa yote. Gesi asilia ilishuka bei, na kanuni mpya kuhusu zebaki zikafunga vituo vizee. Kabla ya hapo, mwaka 1980, sheria ya reli ilikuwa imelegeza masharti ya nauli, ikawa rahisi kusafirisha makaa yenye salfa kidogo kutoka Wyoming hadi vituo vya mashariki. Lilichofanya soko ni kumwachia kila mwenye kituo achague: kubadili makaa, kufunga mtambo wa kuosha moshi, au kununua vibali. Kwa vituo vingi jibu rahisi kuliko yote lilikuwa behewa la makaa ya Wyoming, na hilo amri moja iliyomtaka kila mtu afunge mtambo uleule isingeliona.

Kuna rekodi nyingine ndani ya mpango huu ambayo haisemwi sana: utii. Mwaka baada ya mwaka, karibu mitambo yote ilirudisha vibali kamili. Sababu ni mbili. Kila dohani ilifungwa kipimo kinachosoma moshi mfululizo na kupeleka takwimu za kila saa serikalini, na takwimu hizo ziliwekwa wazi kwa umma. Halafu faini ilikuwa dola 2,000 kwa kila tani iliyozidi, ikipanda na mfumuko wa bei, na kibali cha mwaka unaofuata kikakatwa juu yake. Hakukuwa na kubembelezana na mkaguzi wala barua za onyo zinazokaa kabatini. Faini ilizidi bei ya kibali mara nyingi, kwa hiyo hakuna mhasibu mwenye akili aliyeichagua.

Wanauchumi Richard Schmalensee na Robert Stavins, walipoitazama nyuma historia hii mwaka 2013, walionyesha jambo zito. Sheria iliandikwa kwa ajili ya maziwa na misitu, lakini faida kubwa kuliko zote ilikwenda kwenye mapafu ya binadamu, kwa sababu salfa hiyohiyo hugeuka chembe laini zinazopenya hadi kwenye damu. Maziwa yamepona taratibu. Watu walinufaika mara moja.

Biashara ya kwanza, bei ya juu, bei ya chini

Biashara ya kwanza iliyotangazwa ilifanyika Mei 1992, miaka mitatu kabla ya sheria kuanza kubana. Kampuni ya umeme ya Wisconsin iliuzia Tennessee Valley Authority vibali 10,000. Machi 1993 soko la bidhaa la Chicago likaendesha mnada wa kwanza wa serikali. Wenye viwanda walikuwa wametabiri bei ya hadi dola 1,500 kwa tani, lakini bei za mnada zikawa karibu na dola 150. Mwanzoni mwa 1996 kibali kilikuwa dola 70 hivi. Waliolia kwamba kusafisha hewa kungefilisi nchi walikuwa wamekadiria gharama mara nyingi zaidi ya ilivyokuwa, na kilio hichohicho bado kinasikika kila kanuni mpya inapopendekezwa.

Desemba 2005 bei ilifika takriban dola 1,600. Serikali ilikuwa imetangaza kanuni kali zaidi kwa majimbo ya mashariki, ajali za treni zilikwamisha makaa ya Wyoming, na kimbunga Katrina kikapandisha bei ya gesi. Kisha Julai 2008 mahakama ya rufaa ya Washington ikaibatilisha kanuni ile, kwa hoja kwamba biashara huria kati ya majimbo haimhakikishii jirani wa upande wa upepo kwamba moshi unaomfikia yeye utapungua. Bei ikaporomoka. Kanuni mbadala ya mwaka 2011 iliunda vibali vipya na kuwekea mipaka mauzo kati ya majimbo, na kufikia mnada wa 2012 kibali cha zamani hakikufikisha dola moja. Kesi iliyoithibitisha kanuni hiyo katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014 inabeba jina la Homer City, kituo kilekile cha dohani ndefu. Kilifungwa mwaka 2023, na dohani zake zikalipuliwa Machi 2025.

Soko kubwa kuliko yote ya aina yake lilikufa hivyo, likiwa limefanikiwa, kwa sababu swali la nani anapokea moshi halikuwa ndani ya hesabu zake.

Wanunuzi wadogo kuliko wote

Mnada ulikuwa wazi kwa yeyote. Katikati ya miaka ya 1990, wanafunzi wa shule ya kati ya Glens Falls, New York, mji ulio pembezoni mwa Adirondack, walichangisha fedha wakanunua vibali ili visitumike kamwe. Tani chache tu ukilinganisha na mamilioni. Lakini watoto wale waliielewa sheria kuliko watu wazima wengi: ukomo ukiwa wa kweli, kibali kinachofungiwa kabatini ni tani isiyokwenda hewani.

Bei kali kuliko zote

Hii ni ya Los Angeles. Januari 1994 mamlaka ya hewa ya eneo hilo ilianzisha soko la oksaidi za nitrojeni na za salfa kwa viwanda karibu 390. Wabunifu wake walizingatia upepo: waligawa eneo mara mbili, pwani na bara, na kiwanda cha pwani hakikuruhusiwa kununua vibali vya bara, kwa kuwa upepo wa bahari husukuma moshi kuelekea ndani. Walichokosea ni ukarimu wa mwanzo. Vibali vilizidi uchafu halisi kwa miaka kadhaa, viwanda vikaahirisha kufunga mitambo, na hapakuwa na ruhusa ya kuweka akiba.

Mwaka 2000 California ikaingia katika upungufu wa umeme. Vituo vya gesi vilivyokuwa vikipumzika vikawashwa usiku na mchana, na vyote vikahitaji vibali kwa pamoja. Bei ya tani ya oksaidi za nitrojeni, iliyokuwa chini ya dola 5,000 mwaka 1999, ilivuka dola 40,000. Mwaka 2001 vituo vya umeme vilitolewa kwa muda kwenye soko na kuamriwa kufunga mitambo ya kusafisha moshi. Baadaye watafiti walilinganisha viwanda vya soko hilo na vingine vya California vinavyofanana navyo, wakakuta vya sokoni vilipunguza zaidi, takriban asilimia 20. Hata hivyo, mwaka 2017 mamlaka iliamua kuanza kulifunga na kurudi kwenye amri za moja kwa moja.

Mji huohuo unashikilia rekodi ninayoiona mbaya kuliko zote. Nje ya soko hilo, kanuni ya mwaka 1993 iliruhusu kampuni kununua magari chakavu, kuyasaga, na kuhesabiwa kuwa zimepunguza uchafu. Kampuni za mafuta zilinunua magari yaliyotawanyika katika eneo lote, na badala yake hazikufunga vifaa vya kunasa mvuke pale meli zinapopakia mafuta. Mvuke huo una benzini, ambayo husababisha saratani. Kwenye karatasi hesabu ilisawazika, lakini kwa familia za mitaa ya bandari, nyingi zikiwa zenye asili ya Amerika ya Kilatini, sumu iliyokuwa ya eneo zima ilikusanywa mlangoni kwao. Wanaharakati walipeleka malalamiko serikalini mwaka 1997. Mpango wowote unaobadilishana moshi wa barabarani kwa benzini ya mtaa mmoja ni dhuluma, na wingi wa tani zilizookolewa hauifuti.

Lililolala usingizi mzito

Chicago, kuanzia mwaka 2000, kwa kemikali zinazozalisha ozoni. Vibali vilizidi sana uchafu uliokuwepo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kununua.

Msimu mfupi, faida nene

Kati ya 2003 na 2008 majimbo ya mashariki ya Marekani yaliendesha soko la oksaidi za nitrojeni lililofanya kazi miezi mitano tu kwa mwaka, Mei hadi Septemba, wakati jua kali linapoupika moshi kuwa ozoni. Ufupi huo uliwapa watafiti nafasi adimu: wangeweza kulinganisha kiangazi na baridi, na majimbo yaliyomo na yasiyomo. Olivier Deschênes, Michael Greenstone na Joseph Shapiro walikuta uchafu huo ulipungua kwa takriban asilimia 40 katika msimu. Walikuta pia kwamba matumizi ya watu kwa dawa yalipungua kwa kama dola milioni 800 kwa mwaka, na vifo vya kiangazi vikapungua. Gharama ya hewa chafu iko kwenye risiti za famasia, na huko ni wachache sana wanaoitafuta.

La kwanza Kusini mwa dunia

Siku hizi Surat, India, hutajwa kuwa mwenyeji wa soko la kwanza duniani la vumbi laini. Santiago, Chile, inastahili kutajwa kabla yake. Agizo la serikali ya Chile la mwaka 1992 liliweka vibali vya vumbi kwa boila na tanuri za viwanda vya mji huo, ambao umezungukwa na milima inayozuia hewa kutoka. Kwa kuwa hakukuwa na vifaa vya kupima kila siku, vibali vilihesabiwa kwa uwezo wa mtambo, si kwa moshi uliotoka kweli. Jambo moja lililojitokeza ni zuri sana. Vibali viligawiwa bure kwa mitambo iliyokuwepo, na kwa ajili hiyo wenye boila ambazo serikali haikuzijua walijitokeza wenyewe kuandikishwa. Serikali ikapata daftari la wachafuzi ambalo miaka ya ukaguzi haikulipata.

Kwa hiyo Surat ni ya kwanza kwa vumbi linalopimwa mfululizo, na rekodi hiyo inatosha. Gujarat, jimbo la Surat, ndiyo pwani ambayo vitambaa vyake vimefika Zanzibar na Mombasa kwa karne nyingi, na Surat bado ni mji wa nguo: viwanda vya kutia rangi na kuchapa vitambaa vinavyochemsha maji kwa makaa.

Kabla ya soko kulikuwa na ukweli mchungu kuhusu vipimo. Sheria ya jimbo ilitaka kila kiwanda kikaguliwe na mkaguzi binafsi, ambaye hulipwa na kiwanda chenyewe. Esther Duflo, Greenstone, Rohini Pande na Nicholas Ryan walipochunguza, walikuta ripoti nyingi zenye namba zilizokaa chini kidogo tu ya kiwango cha sheria. Wakajaribu njia nyingine: wakaguzi wapangiwe viwanda kwa bahati nasibu, walipwe kutoka mfuko wa pamoja, na baadhi ya vipimo vyao virudiwe. Ripoti zikawa za kweli zaidi, na viwanda vyenyewe vikapunguza uchafu. Sheria ilibaki ileile; kilichobadilika ni nani anamchagua mwenye kipimo, nani anamlipa na nani anamhakiki.

Soko lilizinduliwa mwaka 2019 chini ya Bodi ya Kudhibiti Uchafuzi ya Gujarat. Viwanda 317 vilifungwa mita kwenye dohani, kisha 162 vikachaguliwa kwa bahati nasibu kuingia sokoni huku vingine vikibaki chini ya kanuni za zamani. Kila kiwanda cha sokoni kiliweka amana ambayo ingekatwa kikizidisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yanaonyesha kuwa vumbi lilipungua kwa asilimia 20 hadi 30 katika viwanda vya sokoni, na asilimia 99 ya wajibu wa vibali ulitimizwa, katika nchi ambayo wengi waliamini viwanda vyake haviongozeki. Faida kwa afya ilizidi gharama angalau mara 25.

Tazama viwanda vile vilivyobaki nje ya soko. Navyo vilikuwa na mita zilezile. Mita peke yake haikuleta upungufu uleule. Ilihitaji ukomo na amana inayouma. Lakini ukomo na amana bila mita visingekuwa na cha kuhesabu.

Kwetu

Kenya ilibadilisha sheria yake ya tabianchi mwaka 2023 ili kuongoza masoko ya kaboni, na Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Hizo huhusu hasa kuuza hifadhi ya misitu na miradi mingine kwa wanunuzi wa mbali. Hazigusi vumbi linaloshuka juu ya mtoto anayelala karibu na kiwanda, na msomaji asikubali kuchanganyiwa mambo haya mawili.

Nasi tunajua gharama ya moshi wa mahali pamoja. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilisumisha kijiji kizima, na wakazi wakapigana mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya Kenya. Phyllis Omido, aliyewaongoza, alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Soko la vibali lisingewaokoa watu wale, kwa sababu risasi katika damu ya mtoto wa Owino Uhuru haipungui kwa kuwa kiwanda cha Nairobi kimepunguza yake. Palihitajika kufunga, na ukweli ulipatikana pale damu za watu zilipopimwa, wakati dohani ingepaswa kupimwa miaka kabla.

Siku mswada wa soko la vibali vya hewa utakapofika Dodoma au Nairobi, usianze kwa kusoma ukurasa wa bei. Tafuta panaposema nani atafunga mita kwenye kila dohani, nani atamlipa anayezisoma, mwananchi ataziona wapi namba za leo, na mtaa ulio chini ya upepo utalindwa kwa ukomo gani wa peke yake. Kama kurasa hizo hazimo, mwambie mbunge wako aukatae.